Betri Inalala kwa Papa Noël

Hakuna kesi inayomkera mpelelezi kama ile ambayo kila mtu ameshaimaliza isipokuwa yeye. Inspekta Marthe Lifoli alishuka kwenye mtumbwi upande wa Lubunga, ng'ambo ya mto, viatu mkononi, na hata hajapangusa matope miguuni tayari mwenye mtumbwi alikuwa ameshamwambia muuaji ni nani. Akapanda toleka, baiskeli ya kubeba abiria. Mwendesha baiskeli naye, huku akihema na kukanyaga pedali, akamwambia tena. Ni mama wa kambo. Yule mwanamke wa Maniema. Alizima friji ya dawa makusudi mpaka mtoto wa watu akafa.

"Weye ulikuwa kule?" Marthe aliuuliza ule mgongo uliolowa jasho mbele yake.

"Hapana, mama. Lakini batu bote banajua."

Watu wote wanajua! Basi abakishiwe kazi gani tena, si ageuze tu arudi zake Kabondo akapike?

Alikuwa ametoka msibani Yanonge, na kesi ilikuwa imeanza bila yeye. Kituoni, Kamanda Jean-Paul alimpokea kwa uso wa mtu aliyechoka kupigiwa simu. Marehemu aliitwa Aurélie, binti wa miaka kumi na mitano, mgonjwa wa sukari tangu utotoni. Aliishi kwa sindano za insulini, na dawa hiyo haitaki joto. Ipashe moto leo, ipoze kesho, ipashe tena, mwishowe unamdunga mtu maji matupu. Daktari aliyempokea siku ya mwisho alivitazama vile vichupa akasema waziwazi kwamba dawa ilikufa zamani. Na mtu aliyetunza vichupa ni mmoja tu, Chantal, mke wa Hugues, baba wa mtoto. Mama mzazi wa Aurélie alishafariki miaka mingi.

"Mlalamikaji ni babu, papa Noël," Kamanda alisema. "Alimwona kwa macho yake akichomoa waya wa frigo, jioni nyingi. Leo boti ya jioni inamvusha mpaka gereza. Ukiniletea kitu mbele ya boti kuondoka, bon, nitakisoma. Ukikosa, Marthe, usinilaumu."

"Na yee mwenyewe anasema nini?"

"Muulize."

Chantal alikuwa amekaa sakafuni mahabusu, kanga imemfunika mpaka masikioni ingawa hapakuwa na baridi. Mwanamke mwembamba, si mkubwa wa umri, macho yamevimba. Marthe aliinama kwenye nondo.

"Mama Chantal, sina wakati. Ulikuwa unatoa waya ya frigo, ndiyo ao hapana?"

"Ndiyo."

Marthe hakulitegemea jibu hilo. Alizoea watu wanaokana. Anayekiri humpa kazi ngumu zaidi.

"Papa Noël alikuona."

"Aliona vizuri. Nilikuwa natoa, narudisha. Natoa, narudisha. Kila jua likienda."

"Juu ya nini?" Marthe alitaka kujua sababu.

"Juu frigo ilikuwa inakufa, mama! Jua likiwa kali, inatembea vizuri, unasikia inaimba. Jua likienda, inapiga tik, taa nyekundu inawaka, inanyamaza. Nikitoa waya na kurudisha, inajaribu kuamuka. Kidogo tu. Kisha tik, tena inakufa."

"Na ulimwambia nani?"

"Ni nani sikumwambia?" Sauti ya Chantal ilipanda ikavunjika. "Nilimwambia bwana yangu. Nilimwambia papa Noël, akasema kwake televizyo iko inawaka, sasa courant ya umeme ingekosaje kwangu. Nilimwita Franck, ule fundi wa sola. Alikuja saa sita ya mchana, akapima na kile kimashini yake, akasema, mama, courant iko, shida ni weye. Alors nilibaki nafanya nini? Usiku nilikuwa naweka dawa ndani ya chungu ya maji. Asubuhi narudisha ndani ya frigo."

Akajifuta pua kwa pembe ya kanga.

"Aurélie alikuwa ananiita yaya, dada mukubwa. Hakuniita mama. Miye nikasema sawa, yaya pia ni muzuri."

Marthe aliondoka pale bila kumwahidi chochote. Alishawahi kuahidi watu, na hakupenda alivyojisikia baadaye.

Kiwanja cha papa Noël kilikuwa kirefu kuliko upana wake, kama viwanja vingi vya ng'ambo ile. Mbele, karibu na barabara, ilisimama nyumba ya mzee, mstaafu wa reli. Nyuma kabisa, baada ya jiko, banda la kuku na kitalu cha mihogo, ilikuwa nyumba ya mwanawe Hugues, mfanyabiashara wa samaki wa kukausha. Waya wa umeme wa bwawa la Tshopo ulikuwa haujafika pale. Ndiyo maana Hugues alinunua sola, na alinunua kwa sababu ya dawa ya mtoto, si kwa sababu nyingine. Siku hiyo mawingu yalikuwa yameifunika mbingu tangu alfajiri, na Marthe hakujua bado kwamba hayo mawingu ndiyo bahati pekee atakayoipata.

Papa Noël alimpokea vizuri. Alimpa kiti kizuri, akaamuru aletewe lituma, ndizi za kupondwa, na samaki, na Marthe akala kidogo kwa adabu, maana huwezi kumhoji mzee wa watu huku umekataa chakula chake. Televisheni ilikuwa inaongea pembeni, na taa juu ya meza ilikuwa inawaka mchana kweupe. Mzee alikuwa na sauti ndogo iliyokauka kwa kulia. Hakuwa mtu mbaya. Marthe alitamani sana awe mtu mbaya, ingemrahisishia.

"Mwana yangu, miye simuchukii ule mwanamuke," alisema. "Lakini niliona. Niko natoka kufunga kuku, naona anashika waya ya frigo, anatoa. Kesho yake, tena. Nikajisemea, labda anafanya usafi. Sasa mutoto wangu iko chini ya udongo."

"Papa, batri iko wapi?"

"Hapa." Akanyanyua shuka. Chini ya kitanda chake, juu ya kibao kisafi, betri ilikuwa imelala, imefunikwa kitambaa cha meza chenye maua. "Kitu ya maana inalala kwa mukubwa. Ni vile siye tunafanyaka. Panneau ya jua iko juu ya nyumba yangu, batri iko hapa, na waya inaenda kwa Hugues."

Marthe alimtuma mtu amwite Franck. Fundi alikuja upesi, amevaa miwani ya jua siku isiyo na jua, kisanduku cha vifaa begani, na mdomo umeshaanza kazi kabla hajakaribishwa. Kazi yake ilikuwa safi, alisema. Kazi yake inajulikana Lubunga nzima. Marthe akamwambia asipige siasa, apime.

Franck akainama kwenye betri, akagusisha zile ncha mbili za kipimo cha volti, nyekundu na nyeusi.

"Kumi na mbili na nusu. Batri iko muzima."

"Twende nyuma."

Wakaenda nyuma, papa Noël akifuata na fimbo yake. Hugues alikuwa mlangoni kwake, mtu mrefu aliyejikunja, ndevu za siku za msiba usoni. Alisalimia kwa kichwa tu. Ndani, friji ndogo nyeupe ilikuwa kimya pembeni, na juu yake bado kulikuwa na kitana cha mtoto na daftari la shule. Franck alichomoa waya wa friji kwenye kiungo chake, akachomeka kipimo pale pale palipotoka waya.

"Kumi na mbili na nusu. Unaona, mama inspecteur? Vile iko kule, ni vile iko hapa. Courant iko!"

Papa Noël akatikisa kichwa polepole.

"Basi frigo ndiyo iko mubovu," Marthe alisema. "Tuibebe."

Waliibeba Hugues na Franck, wakavuka uwanja, wakaiweka chumbani kwa mzee, wakaiunga kwenye betri kwa kipande cha waya kisichozidi urefu wa mkono. Friji ikanguruma mara moja. Taa ya kijani ikawaka, ikatulia. Wakangoja. Marthe alitia mkono ndani, akasikia ubaridi unaanza kuja kwenye vidole, na akatamani auondoe ule mkono haraka.

Friji nzima. Betri nzima. Umeme unafika mpaka nyuma. Kila alichokipima kilimkandamiza Chantal zaidi, na alikuwa amekipima mwenyewe, mbele ya mashahidi.

"Alors?" papa Noël aliuliza kwa upole. "Ni nani alizima?"

Marthe aliomba ruhusa akarudi nyuma peke yake. Hakuwa na hoja. Alitaka tu mahali pa kusimama bila kutazamwa. Alisimama kwenye chumba cha Hugues akatazama pale friji ilipokuwa. Ukuta. Sakafu. Ukuta tena. Na hapo ndipo alipoona kwamba ukuta ule ulikuwa na matundu manne ya misumari, yamepangwa kama ya kibao cha kuwekea kitu kizito, na katikati rangi haikuwa imefifia. Karibu na matundu, kipande cha waya mweusi kilikuwa kinaning'inia juu ya msumari. Kifupi, na kinene karibu sawa na kidole chake cha mwisho.

Akatoka akautazama waya uliokuwa ukileta umeme sasa. Ulikuwa mwembamba. Waya wa taa.

"Hugues!" aliita.

Akaja. Alikuwa mtu wa kuja anapoitwa.

"Hapa kulikuwa nini?"

"Batri," Hugues alisema. "Mwanzo batri ilikuwa hapa. Na panneau juu ya nyumba hii."

"Na hii waya nene?"

"Ni ile ya kwanza. Ilikuwa inatoka kwa batri kuingia kwa frigo."

"Ilitoka lini, batri?"

"Mbele ya Pasaka kufika."

"Na mutoto alianza kuregea lini? Kwenda kunywa maji mingi, kukojoa usiku, kukonda?"

Hugues aligeuza uso. Marthe akaona kwamba mtu huyu ameshawahi kujiuliza swali hilo hilo, peke yake, na hakulipenda jibu lake.

"Nani alisema batri itoke? Papa?"

"Hapana! Papa hakuomba." Alisema haraka, kama anayezuia kofi. "Ni siye. Kwangu taa zinawaka, kwa papa giza. Batu banapita barabarani, banaona nyumba ya mutoto inawaka, nyumba ya baba iko nyeusi. Ni haya, mama. Na Aurélie akasema, papa, tumupelekee babu koko courant, asome Biblia yake. Papa yangu alilia ile siku. Akaita majirani baone heshima yenye alipewa."

Marthe akaufuata waya. Ulitoka dirishani kwa Hugues, ukapita juu ya mihogo, ukapumzika kwenye mti mmoja, ukakwea paa la banda la kuku, ukazunguka jiko, ukaendelea. Mwembamba, mrefu, umeunganishwa mahali pawili kwa mkanda mweusi. Alifika mwisho wake akarudi tena. Kwake Kabondo kulikuwa na mchomeleaji wa vyuma, jirani mkorofi. Akigusa chuma tu, taa za mtaa mzima zinafifia. Akiinua mkono, zinarudi. Umeme upo wakati wote, lakini akivuta, unapungua. Asipovuta, ungepima vipi ujue?

Akasimama pale pale katikati ya kuku.

Franck alipima nini? Alichomoa friji kwanza. Siku zote alichomoa friji kwanza. Alikuwa anapima waya usiobeba kitu.

"Rudisheni frigo nyuma!" alipiga kelele, mpaka papa Noël akatoka nje kuona kuna nini.

Walirudisha. Franck alikuwa ameanza kunung'unika kwamba yeye si hamali. Marthe akamwambia aunge friji kwenye ule waya mwembamba, lakini kipimo akishikize hapo hapo kwenye kiungo, friji ikiwa imeungwa, wala asichomoe kitu.

"Lakini mama, siye hatupimake hivyo…"

"Leo munapima hivyo."

Kipimo kikaonyesha kumi na mbili na nusu. Friji ikaguna ikitaka kuanza. Namba zikaanguka. Kumi na moja. Kumi na kidogo. Tik. Taa nyekundu ikawaka, friji ikanyamaza, na namba zikapanda tena kumi na mbili na nusu, safi kabisa, utadhani hapajatokea kitu.

Marthe akachomoa waya kwa mkono wake mwenyewe, akaurudisha. Friji ikaguna, namba zikaanguka, tik. Akachomoa, akarudisha. Tik. Mara ya tatu akageuka kumtazama papa Noël aliyesimama mlangoni, kwa sababu alitaka mzee aone mkono wake ulivyo. Ulikuwa unafanya kile kile alichomwona Chantal akikifanya.

Franck alikuwa amevua miwani.

"Ni waya," alisema kwa sauti iliyopungua. "Ni perte. Waya ikiwa ndefu na nyembamba, inakula courant njiani. Taa ndogo hazisikii, zinavuta kidogo. Lakini frigo inavuta mingi, sasa waya nayo inakula mingi. Frigo ikiona courant imeshuka, inajizima yenyewe, ili isiue batri."

"Na mchana?"

"Jua likiwa kali batri inapanda. Hata waya ikikula, inabaki ya kutosha."

"Na weye ulikuja saa sita, jua kali, ukachomoa frigo, ukapima waya yenye haivute kitu. Ukamwambia mama wa watu shida ni yee."

Franck alitazama viatu vyake.

"Ingetakiwa kufanya nini, Franck?"

"Kuweka waya nene. Ile nene ilikuwa fupi, haingefika. Ao kuweka batri mbili kwa kufuatana, courant isukumwe na nguvu mara mbili, waya inakula kidogo. Ao…" Akasita, akamchungulia mzee. "Ao kuacha batri hapa karibu na frigo, na ile waya nyembamba ipeleke taa tu kwa papa. Taa zingewaka bila shida."

"Ilikuwa rahisi vile?"

"Rahisi vile."

"Juu ya nini hukusema?"

"Nilisema! Nilimwambia Hugues waya ndefu itapoteza kidogo. Sikujua itapoteza vile. Na ningesema nini, mama? Majirani bote banapiga makofi, papa analia na furaha, miye nisimame niseme batri itoke kwake?"

Marthe alihisi hasira, na haikuwa na mtu wa kumwangukia. Huyu mjinga hakuua. Yule aliyejikunja hakuua. Akaenda mlangoni, akapiga goti moja mbele ya papa Noël, kama anavyopaswa binti anayeomba jambo kubwa.

"Papa. Umeona na macho yako. Mama Chantal hakuzima frigo. Alikuwa anaiamusha. Kila jioni alikuwa anaiamusha, peke yake. Leo boti inamupeleka gereza. Mutu mwenye anaweza kuondoa malalamiko ni weye tu. Twende kituo sasa, papa, ninakuomba. Sema tu kwamba ulielewa vibaya."

Mzee aliegemea fimbo yake. Kuku walikuwa wanachakura kwenye mihogo. Macho yake yalitoka kwenye friji, yakapanda ukutani kwenye yale matundu manne, yakatoka dirishani, yakaufuata ule waya juu ya banda, juu ya jiko, mpaka kwenye paa la nyumba yake. Marthe aliyaona yakienda safari ile yote. Alielewa. Angeweza kuapa mbele ya hakimu yeyote kwamba mzee alielewa kila kitu.

"Frigo ilitembea kwangu," papa Noël alisema. "Niliona. Batu bote baliona."

"Ilitembea juu waya ilikuwa fupi, papa."

"Donc unataka kusema nini?" Aligonga fimbo chini. "Unataka kusema mutoto aliuliwa na taa yangu? Ile taa yenye yee mwenyewe alinipa? Ile yenye nilikuwa nasomea jina yake ndani ya sala?"

Ungemjibu nini?

"Hugues," mzee akasema bila kumtazama. "Weye baba ya mutoto. Unasema nini?"

Marthe akageuka. Haya sasa, alisema moyoni, sema. Neno moja tu. Mke wako amelala sakafuni. Sema, bwana wewe! Hugues alifumbua mdomo. Alimtazama Marthe, akautazama ule waya mnene kwenye msumari, kisha akainamisha kichwa mbele ya baba yake kama alivyokuwa amekiinamisha maisha yake yote.

"Papa ameshasema," alijibu.

"Basi. Malalamiko inabaki." Mzee aligeuka taratibu, akashika njia ya kurudi mbele. Kwenye banda la kuku alisimama. "Na hiyo frigo muilete kwangu. Hapo nyuma haina kazi tena."

Marthe hakukumbuka vizuri alivyofika kituoni. Alimweleza Kamanda Jean-Paul yote, amesimama, mikono ikichora waya hewani: huku betri, huku friji, katikati uwanja mzima unakula. Kamanda alimsikiliza mpaka mwisho. Alizima hata simu yake, jambo ambalo halifanyi.

"Ninakuamini," alisema.

"Basi mufungulie."

"Na nimwandikie nani, nimwambie nini? Mlalamikaji yuko palepale. Baba wa mtoto amenyamaza. Mwanamke mwenyewe amekiri kwamba alichomoa waya. Lete fundi aseme alivyopima, atie saini, hapo ninaweza kuzuia boti."

Marthe alirudi mbio kumtafuta Franck, akichungulia kwanza kwa papa Noël. Nyumbani kwa Franck mlango ulikuwa na kufuli. Mama mmoja aliyekuwa anakaanga mikate mbele ya mlango ule alimwambia fundi amepata kazi Yangambi, ghafla, ameondoka na mtumbwi wa mchana na kisanduku chake. Hapana, hakusema atarudi lini. Marthe alisimama pale akanusa yale mafuta ya mikate. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwacha Franck aondoke kiwanjani bila askari, kwa sababu alikuwa amepiga goti.

"Ripoti yako itamfuata," Kamanda alisema aliporudi mikono mitupu.

"Lini, Kamanda?"

"Itamfuata, Marthe."

Akaiandika. Aliandika kila kitu, akaipeleka mwenyewe mpaka ufukweni, akamkabidhi askari wa msafara, naye akaikunja mara nne akaitia mfukoni pamoja na tumbaku yake. Watu walikuwa wamejaa pale kwenye maji. Walikuwa wamekuja kumwona muuaji. Mmoja alirusha ganda la ndizi, likampata Chantal begani, na Chantal hakujipangusa.

Marthe alipita katikati yao kwa viwiko, akaingia majini na viatu vyake, akashika ubavu wa boti.

"Nimejua ni nini," alisema kwa sauti ya chini. "Ni waya, mama. Waya ilikuwa ndefu na nyembamba, courant ilikuwa inaisha njiani. Si weye. Ulisema kweli, ulikuwa na haki yako yote. Nimeona na macho yangu, na papa Noël ameona, na Hugues ameona."

Chantal alimtazama kana kwamba anasikiliza lugha aliyoijua zamani. Kisha uso wake ukafunguka kidogo, kwa mara ya kwanza siku ile.

"Hugues ameona?"

"Ameona."

"Alisema nini?"

Njia yote Marthe alikuwa ametengeneza uongo wa kumpa. Ulikuwa uongo mzuri, wa huruma. Ulimkatalia mdomoni.

"Alinyamaza."

Chantal akaitikia kwa kichwa, bila hasira, kama mtu aliyeambiwa mvua itanyesha. "Ni vile ananyamazaka," alisema.

Injini ikawaka. Askari akamwambia Marthe aachie boti. Hakuachia.

"Na frigo?" Chantal aliuliza kwa sauti kubwa, juu ya kelele za injini. "Frigo iko wapi sasa?"

"Kwa papa Noël. Pembeni ya batri."

"Inatembea?"

Maji yalikuwa yamemfika Marthe magotini, na boti ilikuwa inamponyoka vidoleni.

"Inatembea," alisema. "Inatembea vizuri sana. Wameweka ndani maji ya papa ya kunywa."